Jumapili Mchana, Wakati wa Bugi

Wimbo "Harusi" wa Afro 70 ukipigwa ukumbini, hata leo, mashangazi huacha sahani za pilau wakainuka. Nimeuona ukiinua watu Tabata, Mbagala na Morogoro, na wengi wa MaDJ wanaouweka walikuwa watoto wadogo, au hawajazaliwa kabisa, Patrick Balisidya, kiongozi wa bendi hiyo, alipofariki Agosti 2004. Wimbo umebaki, na hilo si jambo dogo. Lakini sijawahi kumsikia mshereheshaji akisema kwamba Balisidya huyohuyo, mzaliwa wa Mvumi, Dodoma, mwaka 1979 alirekodi albamu na Archimedes Badkar, kundi la Sweden lililokuwa likipiga roki ya progresivu, na kwamba albamu hiyo ilitoka kule ikiwa na jina la Kiswahili, Bado Kidogo. Nikiitaja mbele ya vijana huniangalia kama mtu aliyechanganya habari mbili. Siwalaumu. Hakuna aliyewaambia.

Roki ya progresivu, kwa wasioifahamu, ni ile iliyozuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, vijana wa magita walipochoka na wimbo wa dakika tatu. Walitaka wimbo uanze taratibu, ubadilishe mwendo katikati, kinanda kiongoze, mwimbaji anyamaze kwa muda mrefu kisha aingie mahali ambapo hukumtegemea. King Crimson walitoa albamu yao ya kwanza Oktoba 1969. Mwaka 1972 Yes walitoa Close to the Edge, ambayo upande wake wa kwanza wote ni wimbo mmoja wa zaidi ya dakika 18, na mwaka huohuo Jethro Tull wakatoa Thick as a Brick, wimbo mmoja uliojaza pande zote mbili za santuri. Mwaka 1973 ikaja The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, ambayo jalada lake hata wasiojua roki wameliona kwenye fulana za mtumba.

Muziki huu uliingia Dar es Salaam kwa njia nyembamba. Mabaharia walileta santuri. Wanafunzi waliorudi kutoka Ulaya walileta santuri na nywele ndefu. Redio za masafa mafupi zilileta kilichobaki, na usiku ukitulia ungeweza kuinasa LM Radio kutoka Lourenço Marques, hadi ilipofungwa mwaka 1975. Sisi ambao hatukuwa na baharia wala mwanafunzi nyumbani tuliupata kwenye bugi.

Bugi lilikuwa dansi la mchana. Jumapili, baada ya chakula, vijana ambao wazazi wasingewaruhusu kukanyaga dansi la usiku waliingia ukumbini wakiwa wamevaa pekosi zinazofagia sakafu na raizoni zilizowaongezea urefu, afro zimechanwa zikasimama. Kinywaji kilikuwa soda. Jioni giza linapoanza kuingia mko nyumbani, mmekaa kama watu waliotoka kwenye mafundisho. Bendi zilizopiga zilikuwa za vijana wenzetu, na majina yao yalitosha kumkasirisha mzee yeyote: Rifters, Sparks, Safari Trippers, Sunburst. Walipiga Hendrix, walipiga Santana, walipiga Osibisa, na katikati ya mambo hayo walitia vya kwao.

Osibisa walikuwa na nafasi ya pekee. Kundi hilo liliundwa London mwaka 1969, likiongozwa na Teddy Osei wa Ghana, na jalada la santuri yao ya kwanza, ya mwaka 1971, lilikuwa na tembo wenye mabawa ya mdudu wakiruka angani. Kaka yangu aliazima santuri hiyo kwa mtu wa Upanga, akaikalisha ukutani juu ya kitanda chake, na mama alipouliza wale ni wanyama gani akamjibu kwamba ni tembo wa kwetu, mama, wamepewa mabawa. Mchoraji alikuwa Roger Dean, yuleyule aliyechora majalada ya Yes. Kwa hiyo mkono uliochora dunia ya roki ya progresivu kwa Waingereza ndio uliochora muziki wa Waafrika hawa, na vijana wa Dar tulioyaona majalada hayo mawili pamoja hatukuona mpaka kati yake.

Kaka alikuwa mpiga kinanda. Bendi yake haikudumu na jina lake halipo kwenye kumbukumbu za mtu yeyote ila zetu. Nakumbuka mazoezi zaidi kuliko maonyesho. Mpiga gita la solo alitaka ile sauti ya kukwaruza aliyoisikia kwa Hendrix, na kifaa cha kuitoa hakikuwepo dukani, na hata kingekuwepo asingeweza kukinunua. Akachukua wembe, akachana utando wa karatasi wa spika, mistari midogo, pole pole, huku sote tumemzunguka. Alipogonga uzi sauti ilitoka imechanika kama alivyotaka. Mwenye spika, ambaye alikuwa ametukodisha, aligundua wiki iliyofuata, na bendi ikakaa miezi bila kupiga ikimlipa.

Muziki huo haukupokelewa sawa kila mtaa. Upanga, walikokaa Wahindi na Wagoa na watumishi wa serikali, nyumba nyingi zilikuwa na chenja za santuri, na kulikuwa na watoto waliofundishwa piano. Pale walisikiliza wakiwa wamekaa sakafuni, santuri ikizunguka upande mzima bila mtu kuigusa. Kariakoo na Ilala mambo yalikuwa mengine. Kwetu Ilala, kaka alipoweka Yes, jirani alisimama mlangoni akasikiliza kwa heshima, akasubiri, akasubiri tena, kisha akauliza kwa uchungu wa kweli: "Mbona hauchezeki?" Halikuwa swali la ujinga. Mtaani kwetu wimbo ulipimwa kwa miguu. Mwendo ukibadilika mara tatu ndani ya dakika mbili, mchezaji anaachwa peke yake katikati ya ukumbi, na hilo kwa mtu wa Ilala ni fedheha.

Wapo wanaosema hadi leo kwamba ule ulikuwa muziki wa watoto wa wakubwa. Nakataa. Mlangoni kwenye bugi niliona watoto wa mafundi seremala wa Keko na watoto wa makuli wa bandarini, na nilisoma na baadhi yao. Kilichowatenganisha vijana wa Upanga na wa Ilala si kuupenda muziki. Wa Upanga walikuwa na santuri, wa Ilala walikuwa na bugi tu, na bugi likifungwa wamebaki mikono mitupu.

Na lilikuwa likifungwa. Serikali ilikuwa na mashaka na sisi. Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, Desemba 1962, alisikitika kwamba Watanganyika wengi waliweza kucheza rumba, chachacha, twist na rock 'n' roll lakini hawajawahi kucheza, wala hata kusikia, gombe sugu, mangala, kiduo au lelemama. Alikuwa na haki ya kusikitika. Miaka sita baadaye Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana dhidi ya vimini, mawigi na suruali za kubana, na tangu Januari 1969 vijana wa chama walisimama mitaani kukagua mavazi ya watu. Novemba 1969 ikaja marufuku ya muziki wa soul katika Dar es Salaam. Magazeti yalijaa barua. Baadhi ya vijana waliuliza swali ambalo sijasikia likijibiwa vizuri: muziki huo ni wa watu weusi wa Marekani, ndugu zetu waliochukuliwa kwa nguvu, sasa ugeni wake uko wapi?

Turudi kwenye hotuba ile ya 1962. Mwalimu aliweka rumba na rock 'n' roll ndani ya sentensi moja. Vyote viwili kwake vilikuwa vya kuja. Na kweli rumba ilikuja: ilitoka Cuba kwenye santuri, ikapita Léopoldville, ikatufikia. Lakini baada ya miaka kumi rumba ilikuwa imekuwa muziki wa dansi wa Tanzania, wenye heshima zake redioni, na roki ilikuwa bado inaitwa uhuni. Sababu niijuayo haiko kwenye noti za muziki. Iko kwenye vyombo.

NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Polisi walikuwa na bendi, jeshi lilikuwa na bendi. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kikaunda yake mwaka 1970. Vijana Jazz ikaja chini ya umoja wa vijana wa chama. Mwanamuziki wa bendi hizi alikuwa mwajiriwa: mshahara mwisho wa mwezi, vyombo vya kampuni, gari la kwenda mikoani, siku maalumu ya kurekodi Redio Tanzania. Na walifanya kazi ya ajabu, sitaki mtu anifikirie vingine. Hakuna siku nitakayochoka kuisikiliza NUTA. Ila angalia upande wa pili. Bendi ya roki ilikuwa vijana watano waliokodi vyombo kwa saa. Kinanda cha umeme na ampli vilihitaji fedha za kigeni, na fedha za kigeni zilihitaji kibali. Mwenye ukumbi mmoja aliyekuwa akiwapa kina kaka nafasi ya Jumapili alizuia ampli yao kwa deni ambalo wao waliapa walikuwa wamelilipa. Hawakuwa na chama cha kuwatetea, kiwanda wala kamanda. Wakaenda mmoja mmoja, wawili wakaishia kwenye bendi za mashirika na wakapiga rumba vizuri sana kwa miaka mingi.

Jambo hili lilinijia wazi nilipoanza kusikia habari za Zambia. Reli ya TAZARA ilikabidhiwa mwaka 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, na wafanyakazi wake walirudi na mengi zaidi ya mishahara. Binamu yetu aliyekuwa relini alileta santuri ya kundi liitwalo WITCH, kutoka Kitwe, mji wa migodi katika Ukanda wa Shaba. Magita yamechanika sauti, kinanda kinatambaa juu, mwimbaji anaitwa Emmanuel Chanda lakini amejipa jina la Jagari, kutokana na Mick Jagger. Tuliiweka tukanyamaza. Walikuwa watu kama sisi. Walikuwa wanafanya kile ambacho bendi ya kaka ilichania spika ya mtu.

Zambia nayo ilikuwa na siasa ya utamaduni wa taifa. Rais Kaunda, mwenyewe mpiga gita, alitaka redio ipige zaidi muziki wa nyumbani. Ni agizo ambalo lingeweza kutolewa Dar es Salaam bila kubadilishwa neno. Lakini kule walichukua kwamba muziki wa nyumbani ni ule uliopigwa na mtu wa nyumbani, hata kama ameshika gita la umeme na kulipitisha kwenye kikwaruzo. Mlango uliofungwa kwa santuri za Uingereza ukawa umefunguliwa kwa WITCH, kwa Amanaz, kwa Musi-O-Tunya, kwa Ngozi Family ya Paul Ngozi. Na shaba ilikuwa na bei: mchimbaji wa Kitwe alikuwa na mshahara wa kununua tiketi na santuri, na vijana wake walikuwa na umeme wa mgodi. Roki ilipokelewa na makazi ya wachimbaji, watu wa zamu na vumbi. Huko hakuna aliyesema ni muziki wa watoto wa wakubwa.

Waliimba kwa Kiingereza, Kinyanja na Kibemba. Paul Ngozi ndiye aliyekwenda mbali zaidi katika hilo, akiimba kwa Kinyanja mambo ya ndoa, ya wakwe na ya maisha ya mtaani, na watu wa kawaida walimpenda hadi alipofariki mwaka 1989, wakati wenzake wengi walikuwa wamekwisha kusahaulika. Musi-O-Tunya, kwa upande wao, walipiga sana Nairobi na kurekodi huko, kwa sababu Nairobi ndiko kulikokuwa na studio na mitambo ya kuchapa santuri. Hata sisi wa Dar tulitegemea Nairobi kwa hilo.

Hapa ndipo Sunburst wanaponiuma. Walikuwa kundi la Dar lenye watu wa nchi kadhaa za jirani, sauti ya mbele ikiwa ya James Mpungo, na Hembi Flory Kongo akiwa miongoni mwa vichwa vyake. Walifanya kila tulichoambiwa roki haiwezi kufanya. Waliimba Kiswahili: wana wimbo uitwao "Simba Anguruma", wana mwingine uitwao "Enzi za Utumwani". Waliweka ngoma za kwetu chini ya gita la roki na hazikugombana. Aliyetaka roki iwe ya nyumbani alikuwa ameletewa mlangoni. Albamu yao moja, Ave Africa, ilitoka mwaka 1976, na baada ya hapo kundi halikuendelea. Laiti wangepewa mshahara wa miaka mitano tu, na vyombo, kama kiwanda kimoja cha nguo kilivyofanya kwa bendi yake!

Mombasa ilichukua njia yake. Kule kulikuwa na hoteli za watalii, na Slim Ali na Hodi Boys wake waliweza kuimba Kiingereza usiku kucha na kulipwa. Hakuna aliyewauliza uzalendo wao, wala hakuna aliyewataka wabadilishe mwendo mara tatu.

Unguja ndiko lilikotoka jibu ambalo sikulitafuta. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mpiga fidla wa taarabu. Alikuja Dar kwa matibabu, akalala chumbani kwa kaka, na jioni moja kaka akaweka Close to the Edge kwa sauti ya chini, kwa adabu, akitegemea kuambiwa aizime. Mjomba alikaa ukingoni mwa kitanda. Hakusema neno kwa upande mzima. Vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vikitembea kwenye goti. Sindano ilipofika katikati ya santuri na kuanza kukwama, alisema: "Wana bashraf yao hawa. Wameirefusha tu." Kisha akaomba irudiwe kuanzia pale kinanda kikubwa kinapoingia.

Nimelifikiria sana neno lake. Bashraf, kwa asiyejua taarabu ya Unguja, ni ule muziki mtupu wa kufungulia shughuli, urithi wa zamani uliotoka upande wa Waturuki na Waarabu, ambao kikundi kizima hupiga bila mwimbaji, sehemu baada ya sehemu, kila moja na njia yake, ikirudi kwenye kiitikio. Ikhwani Safaa, chama cha tangu 1905, wamepiga vitu hivyo kwa vizazi. Na mwimbaji akiingia, wimbo unaweza kwenda robo saa, na watu wamekaa. Anayeguswa huinuka kwa hatua za taratibu akaenda kumtunza mwimbaji, kisha hurudi kitini. Kwa hiyo tulipoambiwa, na bado tunaambiwa, kwamba Mwafrika hawezi kukaa akasikiliza muziki mrefu, kwamba lazima acheze, tulikuwa tunaambiwa uongo, na maili chache baharini kutoka Dar palikuwa na ushahidi. Hata rumba yenyewe ina sehemu mbili: ya kwanza ya kuimba kwa upole, kisha chemko, na Wakongo walikata nyimbo zao katikati ili ziingie pande mbili za santuri ndogo. Masikio yetu yalikuwa tayari.

Muziki kudharauliwa mahali ukaabudiwa kwingine si jambo la kwetu peke yetu. Van der Graaf Generator, kundi la Uingereza ambalo kwao lilikuwa na wasikilizaji wachache, lilishika nafasi ya kwanza Italia kwa albamu ya Pawn Hearts mwaka 1972. Genesis walipendwa Italia kabla hawajapendwa nyumbani. Waitalia walikuwa wamelelewa na opera. Wimbo wenye pazia na vituo haukuwashangaza. Sweden nayo iliichukua roki hii ikaifanya mali ya umma: tamasha la uwanja wa Gärdet, Stockholm, mwaka 1970, kampuni ndogo za santuri zilizoendeshwa na wanamuziki wenyewe, na mwaka 1975, baada ya ABBA kuiletea Sweden mashindano ya Eurovision, wakaandaa tamasha lao mbadala la kupinga muziki wa biashara. Kundi la Kebnekajse lilikwenda kwenye nyimbo za vijijini za fidla na kuzipiga kwa magita ya umeme, likiwa na mpiga ngoma kutoka Guinea, Hassan Bah. Archimedes Badkar walitoka katika hewa hiyohiyo, ndiyo maana walimpokea Balisidya kama mwenzao. Ukiisikiliza Bado Kidogo utasikia watu wanaosubiriana.

Balisidya na Afro 70 walikuwa wameiwakilisha Tanzania Lagos kwenye FESTAC mwaka 1977. Walikuwa na jina. Lakini mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Februari mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, hadi 1983. Njia ya kwenda kwenye mitambo ya Nairobi ikawa imekatwa. Vita vya Kagera vikafuata, kisha miaka ya foleni za sukari na sabuni, na nani angeomba kibali cha kuagiza kinanda? Zambia bei ya shaba ilikuwa imeanguka tangu katikati ya miaka ya 1970. Kanda za kunakili zikaua mauzo ya santuri, disko likachukua kumbi, na baadaye UKIMWI ukachukua watu. Katika kikosi maarufu cha WITCH alibaki hai Jagari peke yake. Alifundisha muziki, kisha akaenda kuchimba vito.

Halafu simu zikaanza kuita. Kampuni za Marekani na Ulaya zilianza kutoa upya santuri za Zambia. Jagari, akiwa mtu mzima, akapanda majukwaa ya Ulaya na Marekani mbele ya vijana wanaojua kila wimbo, na WITCH wakatoa albamu mpya, Zango, mwaka 2023. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London ikakusanya rekodi zote za Sunburst za 1973 hadi 1976 na kuzitoa kwa heshima, na picha na maelezo. Nilifurahi, na nilikaa nayo mikononi nikiwa na huzuni ambayo haikutaka kuondoka. Santuri za asili za Zambia sasa hubadilishana mikono kwa mamia ya dola. Mtu wa Berlin anaweza kukusimulia historia ya roki ya Kitwe. Mtu wa Ilala hawezi kukusimulia ya Dar, na tepu zilizobaki kwenye maktaba ya redio zinazeeka kwa joto na unyevu wa pwani, ingawa wapo waliojitahidi kuziokoa.

Naiona hali hiyohiyo kwenye muziki wa singeli. Vijana wa uswahilini waliutengeneza kwa kompyuta za kuazima, wakaambiwa ni kelele, na mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ikatoa Sounds of Sisso, baada ya hapo matamasha ya Ulaya yakaanza kuwaalika. Safari hii angalau mtaa wenyewe haukusubiri. Singeli inapigwa kwenye sherehe za kigodoro kila wikiendi. Kina kaka hawakupata hata hilo.

Vyombo sasa viko makanisani. Atakayetaka kuona kinanda kizuri, drams nzima na besi inayofanya kazi aende kwenye ibada ya Jumapili, Sinza au Mwenge. Mpwa wangu ni mpiga drams wa kwaya huko. Siku moja alinijia na simu: "Shikamoo mjomba. Huu wimbo unasemekana ni wa Dar. Ni kweli?" Walikuwa Sunburst. Alikuwa ameusikiliza njia nzima kwenye daladala na alikuwa anahesabu mapigo kwa kidole kwenye paja, akitafuta mahali drams zinapogeuka. Nikampeleka kwa kaka.

Kaka ana miaka zaidi ya sabini na mkono wake wa kushoto umepoteza kasi. Vijana wanne wamekuwa wakija kwake Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya. Amewafundisha "Simba Anguruma" kwa kusikia, na kabla yake anawawekea kipande kirefu bila mwimbaji ambacho amekitunga kwa njia ya bashraf, kwa ajili ya mjomba, ambaye alifariki zamani. Kijana wa besi alilalamika kwamba kipande hicho ni kirefu mno. Kaka alimwambia apige, atakizoea.

Wameomba ukumbi mmoja Kinondoni kwa Jumapili mchana. Mwenye ukumbi alisikiliza kidogo kwenye simu ya mpwa wangu, akauliza kama watu wataweza kuucheza. Kaka amemjibu kwamba wengine watacheza na wengine watakaa, kwa hiyo viti asiviondoe.